Shajara ya kipimo cha mgebuka: kihisi cha kimeng'enya na simu, mwaloni Kibirizi

Tunatengeneza kipimo kinachosoma tone la maji ya mnofu wa samaki, kikatambua kama ni wa leo au wa jana, na kupeleka jibu kwenye simu. Tuko wanne: mimi wa bodi na programu, mwalimu wa kemia wa sekondari, fundi simu mwenye kibanda chake Mwanga hapa Kigoma, na mama mmoja mchuuzi wa migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, hapo mwalo wa Kibirizi. Shajara inafuata mwezi wa angani kwa sababu kazi yenyewe inaufuata. Giza likiingia, yaani usiku usio na mbalamwezi ambapo taa za wavuvi huvuta samaki, boti zinatoka na sisi tunashinda mwaloni; mbalamwezi ikitoka tunarudi mezani.

Januari 12, giza

Vifaa vya kupima samaki vinavyouzwa nje tumevipitia kwa bei na kwa kemia, na kemia ndiyo iliyovitupa mapema. Vingi vinanusa gesi, hasa trimethilamini, ile harufu ya samaki wa baharini anayeanza kuharibika. Samaki wa baharini hutunza mwilini trimethilamini oksaidi ili ahimili chumvi ya maji anamoishi. Akifa, bakteria huigeuza kuwa trimethilamini na pua inapata habari. Samaki wengi wa maji baridi wanayo kidogo mno, hawana haja nayo. Tanganyika ni maji baridi. Kwa hiyo kihisi kilichozoeshwa samaki wa Atlantiki huenda kikakaa kimya mbele ya mgebuka ambaye hata paka wa Kibirizi amemkataa.

Kuna pia Torrymeter, iliyobuniwa Aberdeen, Uskoti. Hiyo hupitisha umeme mdogo kwenye ngozi na kusoma jinsi nyama ilivyobomoka. Ni kifaa cha heshima, ila hakitaki samaki aliyegandishwa akayeyushwa wala ngozi iliyochubuka. Mgebuka anayeshushwa hapa amebanwa na wavu, amerushwa ndooni na kulaliwa na wenzake usiku kucha.

Tumechagua kuingia ndani ya mnofu. Samaki akishakufa, ATP, ambayo ndiyo nishati ya misuli, hubomoka hatua kwa hatua: inakuwa ADP, kisha AMP, kisha IMP, kisha inosini, kisha haipozanthini. IMP ndiyo inayochangia utamu wa samaki mbichi. Haipozanthini ina uchungu. Mwaka 1959 Wajapani, Saito na wenzake, walitoa kipimo kinachoitwa thamani ya K: inosini na haipozanthini zikijumlishwa ni asilimia ngapi ya mlolongo mzima. Uzuri wake kwetu ni kwamba mlolongo huu huanzishwa na vimeng'enya vya samaki mwenyewe, yaani protini zinazoharakisha kemia ya mwili, kabla bakteria hawajashika kazi. Pua bado haijui, mnofu umeshajua.

K nzima hatuiwezi kwa stripu, kijipande chembamba cha kupimia, ya bei nafuu. Tunapima haipozanthini peke yake, na tunakubali masharti yake: kuna samaki wanaorundika inosini na kuna wanaokimbilia haipozanthini, kwa hiyo namba ya mgebuka haimhusu dagaa wala kuhe. Kila aina itataka kalibresheni yake, yaani kulinganisha namba ya kifaa na kiasi kinachojulikana. Tumeanza na mgebuka kwa sababu ana nyama ya kukata.

Januari 28, mbalamwezi

Kemia ya stripu, kwa ufupi niuwezao.

Kimeng'enya chetu ni zanthini oksidasi. Kinachukua haipozanthini na oksijeni, kinatoa zanthini, kisha asidi ya yuriki, na katika kila hatua kinaacha haidrojeni peroksaidi. Hiyo peroksaidi ndiyo inayozungumza na umeme. Mtindo wenyewe ni wa zamani: Leland Clark na Champ Lyons walieleza elektrodi yenye kimeng'enya mwaka 1962, na glukomita anayotumia mgonjwa wa sukari leo ni mjukuu wa wazo hilo. Mwalimu anapenda kutukumbusha kwamba kimeng'enya hiki kimo kwenye maziwa ya ng'ombe, tena kwa wingi, na kile cha dukani hukamuliwa humo. Mama mchuuzi aliposikia aliuliza kwa nini basi tunaagiza chupa ndogo ya bei ya mbuzi wakati maziwa yanapita Gungu kila asubuhi. Jibu ni usafi, lakini swali lake mwalimu amelibeba.

Peroksaidi ikisomwa kwenye platini inataka volti 0.6 na zaidi. Kwa volti hizo vitu vingine vya mnofu navyo vinatoa mkondo: vitamini C, na hata asidi ya yuriki ambayo kimeng'enya chetu wenyewe kinaitengeneza. Unapima samaki pamoja na kelele zake. Njia ya kukwepa ni kupaka kaboni kwa rangi ya buluu ya Prusia, inayosoma peroksaidi karibu na volti sifuri. Sisi tunakaa volti 0.05 upande wa hasi. Hapo vitamini C na yuriki hawana la kusema.

Buluu ya Prusia ina tabia mbili ambazo usipozijua utalaumu kila kitu kingine. Haipendi maji ya upande wa nyongo, yaani ya alkali, inayeyuka polepole. Na inataka potasiamu. Ioni za potasiamu zinaingia na kutoka ndani ya fuwele zake bila shida, za sodiamu zinakwama mlangoni. Bafa yetu, maji yanayotunza pH (kiwango cha asidi na alkali) yasiyumbe, kwa hiyo ni ya fosfeti ya potasiamu na kloridi ya potasiamu, isiyozidi pH 7.4. Chumvi ya mezani haigusi stripu hizi.

Kimeng'enya kinafungwa juu ya kaboni kwa albumini, ambayo ni protini, na glutaraldehaidi inayoishikiza. Kila stripu ina madirisha mawili: moja lina kimeng'enya, la pili lina albumini tupu. Tofauti ya mikondo ya madirisha hayo ndiyo jibu. Dirisha tupu ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu za mbele.

Februari 11, giza

Siku nzima mwaloni. Ziwa limepanda sana mwaka huu na nafasi ya kufanyia kazi ufukweni imepungua, kwa hiyo meza yetu imebanana na deli za wachuuzi, makasha yao ya barafu, chini ya bati moja.

Kipimo kinakwenda hivi. Mama anamtoa mgebuka kwenye deli, anamlaza ubavu, anakata kipande nyuma ya kichwa, juu ya mstari wa ubavuni. Gramu moja kwenye mizani ya sonara. Kipande kinapondwa kwenye kinu cha plastiki pamoja na mililita tisa za bafa hadi yanakuwa maji ya maziwamaziwa. Maji yanavutwa kwa bomba la sindano lenye pamba mdomoni, ili nyuzi za nyama zibaki nje. Tone moja kwenye stripu, liguse madirisha yote mawili. Sekunde 60. Mkono wa mama ni mwepesi kuliko wetu. Ameshakata cha pili wakati mwalimu bado anahangaika na pamba.

Tatizo la leo ni joto. Samaki yuleyule, bafa ileile, asubuhi anasoma hivi na saa sita mchana anasoma juu zaidi. Si samaki aliyebadilika, ni stripu iliyokaa karibu na jua. Kazi ya kimeng'enya huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto, na hapa tofauti kati ya tone lililotoka kwenye barafu na meza ya mchana ni zaidi ya hapo. Tumeweka kipimajoto kidogo chini ya stripu. Kifaa hakianzi kuhesabu hadi joto la stripu litulie, na namba haiondoki bila joto lake kuandikwa pembeni.

Jioni tukafanya jaribio alilolipendekeza mama mwenyewe. Tulimpa migebuka iliyochanganywa bila kumwambia ya lini. Aliinua mashavu akatazama wekundu, akabonyeza mnofu, akanusa mara moja tu. "Wa leo. Wa leo. Huyu wa jana jioni, tena alikaa juani." Hakukosea hata mmoja. Kifaa kilikubaliana naye, ila kilichelewa.

Fundi simu akauliza kwa sauti: sasa hiki chombo ni cha nini? Ni swali la haki, na jibu lake halipo Kibirizi. Lipo Tabora na Dodoma, kwa mnunuzi anayepokea deli asiyejua lilifungwa lini. Samaki aliyelala kwenye barafu inayoyeyuka mashavu yake hupauka hata kama mnofu bado mzima, na mnunuzi wa mbali hutumia weupe huo kupunguza bei. Mama analijua hilo kwa hasara.

Machi 2

Bodi. Nitakaa hapa kidogo maana ndipo watu wanaotuandikia wanapokwama.

Akili ya kifaa ni chipu ya ESP32 ya Espressif: bei ndogo, ina Wi-Fi na Bluetooth pamoja. Kizuri hicho kina kasoro moja, kipimavolti chake cha ndani kina kelele na hakiko sawa kwenye ncha, kwa hiyo kusoma tunaiachia chipu nyingine, ADS1115 ya biti 16. Kushika volti za stripu na kukuza mkondo ni kazi ya chipu za LMP91000, mbili, moja kwa kila dirisha. LMP91000 inaweka volti kwa asilimia ya rejea: rejea yetu ni volti 2.5, asilimia mbili yake ni 0.05, ndiyo tuliyoitaka. Kipingamizi kikubwa cha ndani ni kiloomu 350, kwa hiyo nanoampea 100 zinakuwa milivolti 35, na hizo ADS1115 inaziona bila kukaza macho.

Anayejenga bodi kama hii aangalie anwani, namba ambayo kila chipu huitwa nayo kwenye waya wanaochangia. LMP91000 zote ziko 0x48 na hazibadiliki. Unazitenganisha kwa mguu wa MENB, unaamsha moja na kulaza nyingine. ADS1115 nayo kwa kawaida iko 0x48. Mguu wake wa ADDR ukiunganishwa na VDD inahamia 0x49 na ugomvi unaisha.

Kelele kubwa kuliko zote ilitoka kwenye redio ya kifaa chenyewe. Wi-Fi inapotuma, ESP32 huvuta zaidi ya miliampea 200 kwa mkupuo, na sisi tunatafuta nanoampea 10. Hiyo ni mara milioni 20. Hakuna chujio la bei yetu litakalotenganisha vitu hivyo viwili vikiwa kwenye betri moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo havikai pamoja: redio inazimwa, stripu inasomwa, namba inaandikwa kwenye kumbukumbu, ndipo redio inawashwa. Watu wanapenda kuona mstari ukipanda moja kwa moja kwenye simu wakati kipimo kinaendelea. Inapendeza kwenye maonyesho. Mwaloni haina faida, na inachafua namba.

Chaja ya simu nayo marufuku wakati wa kusoma, betri tu. Kwa mabaki ya umeme wa ukutani tunachukua sampuli 86 kwa kasi ya 860 kwa sekunde, ambayo ni sehemu moja ya kumi ya sekunde, mizunguko mitano kamili ya hezi 50. Wastani wake unalifuta wimbi hilo lenyewe.

Soketi ya stripu ameitengeneza fundi simu kwa meno ya bodi ya kompyuta mbovu, akayapanga upya moja moja chini ya lensi. Ameipaka bodi yote rangi ya kucha. Nilicheka mpaka nilipoona sababu yake: alama ya kidole chenye maji ya samaki kati ya njia mbili za shaba inatosha kupitisha mkondo mkubwa kuliko tunaoutafuta. Rangi ya kucha ya Soko la Mwanga, nyekundu, inafanya kazi.

Machi 24, mbalamwezi

Simu. Kifaa kinaongea na simu kwa Bluetooth ya matumizi madogo, simu ndiyo inayohangaika na mtandao. Tuliikataa Wi-Fi moja kwa moja hadi kwenye seva, kwa sababu deli likiwa njiani kati ya Uvinza na Kaliua kuna vipande virefu visivyo na mtandao wowote, na kifaa kisichojua kusubiri kitapoteza kumbukumbu.

Kila kipimo kinabeba namba yake isiyojirudia, kundi la stripu, aina ya samaki, joto la stripu, mkondo wa kila dirisha na saa. Saa inatoka kwenye chipu ya saa, DS3231, yenye betri yake ya kifungo, maana ESP32 ikikatiwa umeme inaamka haijui leo ni lini. Rekodi nzima inaingia kwenye ujumbe mfupi mmoja wa herufi 160. Data ikiwepo inakwenda kwa MQTT, njia ya kutuma ujumbe mdogo kwa intaneti, isipokuwepo inakwenda kwa meseji. MQTT tumeiweka kwenye kiwango cha kwanza, ambacho kinaahidi kufikisha angalau mara moja. Hakiahidi kutofikisha mara mbili. Ndiyo maana ya namba isiyojirudia: seva ikipokea iliyokwisha kuiona, inaitupa.

Na hapa ndipo dirisha tupu linapolipa. Likisoma juu kupita kiasi, maana yake tone lina kitu kingine, au stripu imeloa unyevu, au soketi ina magamba. Zamani programu ingelitoa hesabu na kutoa jibu tu. Sasa haitoi. Kwenye simu linatokea neno RUDIA na namba haionekani kabisa. Vivyo hivyo joto likiwa nje ya mipaka, au kundi la stripu likiwa limepitwa na wakati. Mwalimu anaona tumekuwa wakali mno. Mimi naona mkali ni yule mteja atakayerudisha samaki wazima kwa sababu ya namba ya ovyo.

Aprili 8, giza

Idi ni keshokutwa au mtondo, Ujiji wananunua kwa wingi, hakuna mwenye muda na sisi. Ila leo mama ndiye aliyeongoza kikao, akiwa anakunja samaki kwenye magazeti.

Kifaa kilikuwa na taa tatu: kijani, njano, nyekundu. Aliitazama, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo namba anaiona nani kwanza?"

Nikamwambia, mama, wote mliopo.

"Basi umeniletea askari mezani. Taa nyekundu ikiwaka mbele ya wateja nitamweleza nani kwamba chombo kilikuwa na magamba? Na huyo tajiri wa deli akiiona kabla yangu, bei nitapanga mimi au yeye?"

Hatukuwa na jibu la maana mbele yake. Tukakaa nalo usiku huo na limebadilisha kifaa kuliko kelele yoyote ya umeme. Taa zimetolewa. Matokeo yanakwenda kwenye simu iliyounganishwa na mwenye samaki, na hayatoki hapo hadi yeye abonyeze TUMA. Kuunganisha simu na kifaa sasa kunataka tarakimu sita zilizoandikwa ndani ya kifuniko. Kabla ya hapo simu yoyote ya meza ya pili ingeweza kusikiliza, na meza ya pili hapa Kibirizi mara nyingi ni ya mshindani. Kwenye seva hatuhifadhi jina la mtu wala namba yake ya simu pamoja na kipimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka tusikusanye taarifa za mtu zaidi ya zinazohitajika, lakini kusema kweli tulifika huko kwa swali la mama kabla ya kufungua sheria.

Mmoja wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, alitushauri kinyume: vipimo vyote viende kwao moja kwa moja, ili mwalo uwe na sifa ya pamoja. Hoja yake ina uzito, samaki wabaya wa mmoja hushusha bei ya wote. Tumemwambia tutampa wastani wa siku bila meza wala mtu, kwa ridhaa ya wachuuzi. Bado hajaridhika. Wala mama hajaridhika sana.

Mei 14

Kesho ziwa linafungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Kibirizi leo ni kukunja nyavu na kupandisha injini. Tumechukua samaki wa mwisho na kuwagandisha kwa ajili ya kujifunza kupiga tone tu. Kwa kalibresheni hawafai.

Juni 25

Hakuna samaki, kuna meza. Tumefanya kalibresheni kwa haipozanthini safi. Haiyeyuki majini kirahisi. Inaanzishwa kwa tone la hidroksidi ya sodiamu hafifu, kisha inapunguzwa ndani ya bafa mpaka pH irudi mahali pake, la sivyo unaiua buluu kwa mkono wako mwenyewe.

Habari kubwa ni uzee wa stripu. Zilizokaa rafuni zilidhoofika kabla ya zile za friji, kama ilivyotarajiwa, lakini hata za friji ziliteseka siku umeme ulipokatika na kurudi, kwa sababu unyevu huganda juu yake zikitolewa. Mambo mawili yamesaidia. La kwanza ni trehalosi, sukari ambayo kimeng'enya hukaukia ndani yake bila kukunjuka umbo. La pili ni kopo lenye vifuko vya silika, lisilofunguliwa hadi lizoee joto la chumba.

Kila kundi la stripu lina mwinamo wake, yaani nanoampea ngapi kwa kila kiasi cha haipozanthini. Glukomita za zamani zilikuwa na kadi ndogo ya msimbo kwa kazi hiyo. Sisi tumebandika msimbo wa QR kwenye kopo: simu inausoma, inachukua mwinamo na tarehe ya mwisho, kopo likipitwa na wakati ni RUDIA mpaka lifunguliwe jipya. Fundi simu ndiye aliyekumbuka kuandika pia namba kwa kalamu kwenye kifuniko, maana kamera za simu za mwaloni nyingi zina ufa.

Tumetengeneza na stripu bandia: kipingamizi cha megaomu moja kilichochomelewa kwenye kipande cha bodi. Volti 0.05 juu ya megaomu moja ni nanoampea 50, hakuna ubishi. Kila asubuhi kifaa kinaanza nayo. Kikisoma 50, umeme ni mzima na lawama zote zilizobaki ni za kemia. Imetuokolea mabishano mengi kati yangu na mwalimu.

Agosti 18

Ziwa limefunguliwa, na mbalamwezi ndiyo hiyo inajaa. Boti chache, migebuka michache, bei ya juu. Mama hataki hata gramu moja ikatwe kwa ajili ya sayansi. Tunasubiri.

Septemba 5, giza

Safari ya kwanza ya vifaa viwili. Kimoja Kibirizi, kingine kwa mnunuzi wa mama huko Tabora, ambaye fundi simu alimfundisha kwa simu ya video akiwa ameshika kinu. Vyote vilianza na stripu bandia, vyote vikasoma 50 na kasoro ndogo. Mama alifunga deli tatu usiku, zikapanda basi.

Deli mbili zilisoma chini Kibirizi. Tabora zilisoma juu kidogo, kiasi tulichotarajia kwa samaki waliolala barafuni njia nzima. Mara ya kwanza kule Tabora lilitokea RUDIA. Mnunuzi akapiga simu kwa hasira, chombo kimekufa. Fundi akamuuliza kama tone lilitoka moja kwa moja kwenye samaki wa barafu. Ndivyo. Akaambiwa asubiri stripu ipate joto, akarudia, ikasoma.

Deli la tatu ndilo lililotufundisha. Hapo Kibirizi lilisoma juu kuliko wenzake, ingawa kwa macho samaki walikuwa wazuri tu. Mama akaitazama namba kwenye simu yake, hakubonyeza TUMA. Akampigia mnunuzi, akamwambia deli lile litakuwa la bei ya chini, liuzwe siku hiyohiyo, lisiende mbele Dodoma. Hakutaja kifaa. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakutuma namba, ingeokoa maneno. Alisema boti iliyoleta samaki wale ilichelewa kwa ajili ya injini, yeye aliliona hilo alfajiri. Namba imekubaliana naye, haikumfundisha, na mteja wake anamwamini yeye. Mwalimu ameliandika tukio hilo kwenye daftari lake kama kipimo kilichokubaliana na mtaalamu. Kwenye seva halipo, wala halitakuwepo.

Yanayobaki mezani: mnunuzi wa Tabora anataka kopo la pili la stripu kabla hatujathibitisha kama la kwanza linadumu kwenye rafu yake. Kinu cha plastiki kinabaki na mabaki ya samaki aliyetangulia, tunahitaji vya kutupa au mtu wa kuosha. BMU wanadai wastani wao wa mwezi. Kuhusu dagaa, mwalimu anataka tuanze giza lijalo, akiwa mbichi kabla ya kuanikwa, anasagwa mzima kwa sababu hakuna pa kumkata. Mama anasema dagaa mzima ana utumbo na utumbo utavuruga namba. Nadhani mama ana hoja. Tutasaga kwa njia zote mbili.